Chuma cha Zamani, Rangi Mpya

Sehemu ya Tisa

"Usiguse kitu hapo, mpenzi."

Sauti hiyo ndiyo iliyotukatisha wiki iliyopita, wasomaji, Anjela akiwa amepiga magoti ndani ya mtaro kando ya barabara ya Makumira, mkono wake uko chini ya gari la baba yake, vidole vimelowa rangi nyeusi.

Kwa aliyelikosa gazeti, habari ni fupi. Mzee Ephraimu, mwinjilisti mstaafu na baba yake Anjela, ana lile gari la Kijapani la zamani lenye taa nne za duara ambalo Arusha nzima inaliita Macho Manne. Mwaka huu kiwanda kilichoyaunda magari hayo kiligundua kwamba tairodi zake, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu ya mbele, zina kasoro na zinaweza kukatika gari likiwa mwendoni. Kikatangaza redioni kwamba kila mwenye Macho Manne alirudishe kwa wakala, afungiwe tairodi mpya bure. Wakala wa Arusha ni gereji ya Nyota Tatu. Mzee Ephraimu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupeleka lake. Na Ijumaa hii, asubuhi kweupe, gari hilo hilo lililotoka gereji jana yake likaacha njia, likamgonga Silantoi, mama anayeuza maziwa kando ya barabara, likatumbukia mtaroni.

Meneja wa Nyota Tatu anaitwa Derick. Derick ni mchumba wa Anjela, na harusi imeshatangazwa kanisani. Na Derick ndiye aliyekuwa amesimama nyuma yake.

Anjela aligeuka. Suruali ya Derick ilikuwa imenyooshwa pasi, viatu vinang'aa. Nyuma yake bredauni ya gereji, lori la kuvutia magari mabovu, ilikwisha geuzwa, mnyororo unaning'inia.

"Umefikaje haraka hivi?" Anjela aliuliza. "Mimi mwenyewe nimepata habari sasa hivi."

"Nilipigiwa simu." Derick alishuka mtaroni kwa tahadhari, akichagua pa kukanyaga. "Mzee amefika hospitali, ni mguu tu. Na yule mama anatibiwa. Tumshukuru Mungu."

"Tairodi imekatika, Derick."

"Gari likiingia mtaroni kila kitu kinakatika."

"Na hii rangi je? Ina rangi mbichi, na chini ya rangi kuna kutu. Tairodi mpya inapataje kutu?"

Derick alitoa kitambaa mfukoni, kimekunjwa vizuri, kinanukia marashi. Akamshika mkono kama mtu anayetaka kumvisha pete, akaanza kumfuta vidole, kimoja baada ya kingine, taratibu, hadi weusi wote ukahamia kwenye kitambaa. Kisha akakikunja upande safi ukiwa nje, akakirudisha mfukoni.

Anjela alikuwa amekifumbata kidole gumba. Hicho Derick hakukifuta.

Maziwa ya Silantoi yalikuwa yamemwagika kwenye majani na jua lilikwisha anza kuyachachusha. Nzi walijaa. Harufu ile ya maziwa ikachanganyika na ya marashi, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu Derick, Anjela alirudi nyuma hatua moja ili asimnuse.

"Nenda kwa mzee," Derick alisema kwa upole. "Mimi nitashughulika na gari."

Na alishughulika kweli. Kabla Anjela hajafika barabarani, mnyororo ulikwisha fungwa, na gari la mwinjilisti likavutwa kuelekea mjini.

* * *

Katika hospitali ya misheni, Anjela hakwenda kwanza kwa baba yake. Miguu yake yenyewe ilimpeleka wodi ya wanawake.

Silantoi alikuwa amelala chali, nyonga imefungwa, shanga zake zimevuliwa na kuwekwa kwenye bakuli la bati.

"Wewe ni mtoto wa yule mzee."

"Ndiyo, mama. Shikamoo. Nimekuja kukupa pole, na kuomba msamaha."

"Marahaba. Msamaha wa nini? Mimi nilimwona baba yako." Silantoi alizungumza Kiswahili cha kupimapima, akitafuta neno kabla ya kulitoa. "Macho yake yalikuwa wazi. Anazungusha usukani hivi, na hivi, kama mtu anakoroga uji. Gari halisikii. Linakuja tu. Yeye anapiga kelele niondoke. Mimi nilikuwa na debe kichwani."

"Umemwambia askari haya?"

"Askari wa barabarani hakuja kwangu. Alikwenda kwa wanaume, akaondoka."

Anjela alimshukuru, akavuka ua kwenda wodi ya wanaume. Mzee Ephraimu alikuwa kitandani, mguu umeninginizwa. Alipomwona binti yake alitazama pembeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Umemwambia nini askari?"

Mzee alikohoa. "Nimemwambia nilisinzia."

"Ulisinzia?"

"Mimi ni mtu mzima, Anjela. Watu wazima husinzia."

"Mama Silantoi anasema ulikuwa unampigia kelele aondoke. Mtu aliyesinzia anapigaje kelele?"

Mzee Ephraimu, aliyehubiri maisha yake yote kutoka Meru hadi Machame, alifumba macho.

"Sikutaka mjukuu wangu azaliwe baba yake akiwa gerezani."

"Mjukuu yupi, baba?"

Mzee alifumbua macho.

"Derick alikuja hapa mapema, kabla ya askari. Alikaa kitandani, pale pale ulipo, akanishika mkono, akalia. Kasema una ujauzito, umeshindwa kuniambia kwa aibu. Kasema gereji ikiguswa yeye atafungwa, harusi itakufa, nawe utabaki nyumbani na mtoto, usharika mzima ukikusema. Nikaona heri mimi nionekane mzee mzembe."

"Baba. Sina mimba."

Kwenye kitanda cha jirani, mgonjwa aliyekuwa anakunywa uji akaacha kunywa.

"Alilia machozi," mzee alisema taratibu, kama mtu anayejieleza mwenyewe. "Niliyaona. Nilimfuta kwa shuka langu."

Anjela alisimama.

"Unakwenda wapi?"

"Gereji."

* * *

Gereji ya Nyota Tatu iko mtaa wa Unga Limited, na ilikuwa saa ya chakula. Mbele kulikuwa kimya. Anjela alipita ofisi, akapita shimo la kukagulia magari, akaenda moja kwa moja uani, ambako hakuwahi kufika. Derick alikuwa akimwambia siku zote kwamba kule ni uchafu mtupu, si mahali pa mwanamke.

Uani palikuwa pasafi kuliko mbele.

Palifungwa waya kutoka ukutani hadi kwenye nguzo, na kwenye waya zilining'inia tairodi. Nyingi. Zimepangwa kama nyama ya kukausha, zinameremeta, rangi ikidondoka vumbini tone kwa tone. Chini ya waya alikaa fundi mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa, brashi mkononi, akipiga mluzi.

Fundi huyo ni Bariki. Alimfahamu Anjela kama mchumba wa bosi, akatabasamu.

"Karibu shemeji. Usisogee karibu, utaharibu nguo. Pole sana na mzee."

"Asante. Hizi ni za nani?"

"Si ni hizi za Macho Manne tu." Bariki alichovya brashi. Hakuwa na wasiwasi hata chembe, aliamini bibi harusi mtarajiwa anajua kila kitu. "Gari la leo linatolewa ya zamani, inapigwa msasa, inapakwa rangi, inafungwa kwenye gari la kesho. Ya kesho inafungwa kwenye la keshokutwa. Mteja akichungulia chini anaona inang'aa, anakwenda zake akimshukuru Mungu."

"Na zile mpya zilizotoka kiwandani?"

"Zile zilivuka mpaka zamani, shemeji. Namanga huko zinagombewa."

"Na ya baba?" Anjela aliuliza.

Bariki alicheka kidogo, kicheko cha heshima.

"Ya mzee tulifanya vizuri. Bosi alikuja mwenyewe hapa, akasema hii ni ya baba mkwe, ipigwe rangi mara mbili."

Wasomaji, kuna maneno ambayo mtu akiyasikia hukosa hata hasira. Anjela aliutazama waya ule, akautazama uso wa Bariki uliojaa ukarimu, akajiona amesimama kwenye bucha ambalo nyama yake ni ya watu anaowajua.

Alitapika. Pale pale, ukutani.

"Pole shemeji," alisema Bariki, akimletea kopo la maji. "Ni harufu ya rangi. Na hali yako hiyo, bosi alituambia."

* * *

Derick alikuwa ofisini, anakula. Mbele yake sahani ya ndizi na nyama ya mbuzi, midomo inang'aa mafuta. Alipomwona Anjela mlangoni alivuta kiti.

"Njoo ule. Umekonda tangu asubuhi."

"Nimetoka uani."

Derick alitafuna, akameza, akajifuta midomo.

"Basi umeona."

Hakukana. Hilo ndilo lililomshtua Anjela kuliko yote. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, na uongo haukuja.

"Uliipaka rangi tairodi ya baba yangu ukijua."

"Nilijua inaweza kukatika. Sikujua itakatika. Hayo ni mambo mawili." Derick aliongea kama anayemweleza mteja habari za betri. "Zote hazikatiki, Anjela. Labda moja katika kumi, labda chini ya hapo. Magari yenyewe yamechoka, yangekufa kwa jambo jingine. Kiwanda kinajikosha tu kisishitakiwe. Wenzetu huko wakitupa kitu, sisi tunakiuza. Hii ni biashara huria, kila mtu mjini hapa anakula mahali fulani."

"Silantoi amevunjika nyonga."

"Nitampelekea ng'ombe. Wale wanapenda ng'ombe."

Anjela aliutazama mkono wake wa kushoto. Alianza kuivuta pete. Haikutoka, kidole kilikuwa kimevimba kwa joto. Juu ya kabati palikuwa na kopo la grisi lililo wazi. Alichota, akakipaka kidole, akaizungusha pete hadi ikateleza. Akaidondosha kwenye sahani ya Derick, katikati ya mchuzi.

Derick aliitazama ikizama. Akaichukua kwa kijiko, akailamba mchuzi, akaiweka kando. Akatabasamu.

"Nenda polisi. Ukifika, jua kwamba utamtia matatani baba yako kwanza. Ameshawaambia alisinzia. Ukisema vingine, ama yeye ni mwongo au wewe ni mwongo."

"Na alidanganywa na nani?"

"Nani atathibitisha?" Aliinua mfupa, akaufyonza. "Halafu kuna wewe mwenyewe. Yale marobota ya mapazia uliyokuwa unampelekea rafiki yangu kule Namanga. Hukuwahi kujiuliza kwa nini mapazia ni mazito vile?"

Anjela ana duka la mapazia na mashuka Kaloleni, na kila alipokwenda mpakani kuchukua mzigo, Derick alimwomba amsaidie kupeleka robota moja. Alilipakia mwenyewe. Alilikalia njiani. Aliwachekea askari wa forodha, nao wakamchekea, wakampitisha.

"Ni wewe uliyezivusha tairodi mpya, mpenzi," alisema Derick. "Mwenye mzigo ni wewe. Rafu mpya dukani kwako zimetoka huko. Kitambaa cha gauni lako kimetoka huko. Wewe na mimi tumekula sahani moja, kwa hiyo kaa, tule."

Anjela hakukaa. Alitoka, na njia nzima hadi kituo cha basi alikuwa anajifuta grisi kidoleni kwa majani, na grisi haikuisha.

* * *

Alirudi kwa baba yake jua likiwa bado juu, akamsimulia yote, pamoja na marobota. Hakujificha popote.

Mzee Ephraimu alisikiliza hadi mwisho.

"Niitie yule askari."

"Baba, Derick anasema utapata matatizo."

"Nilisema niitie."

Askari alikuja na uso wa mtu aliyekatizwa chai yake. Mzee alijiinua kwa viwiko, akakataa kusaidiwa.

"Asubuhi nilikudanganya. Sikusinzia. Usukani uliniachia. Nilisema uongo kwa sababu niliombwa, na nikaona ni upendo. Haukuwa upendo."

"Mzee, unajua kuidanganya polisi ni kosa?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuita."

Anjela naye akasema yake: rangi, waya, Bariki, Namanga. Alionyesha kidole gumba, kikiwa bado cheusi. Askari alisikiliza, akajikuna shingo.

"Kesho na keshokutwa hatuna gari. Jumatatu tutapita pale Nyota Tatu tuangalie."

"Jumatatu ule waya utakuwa umeanikwa nguo."

"Dada, polisi haifanyi kazi kwa kukimbizwa."

Alipoondoka, mzee na binti yake walitazamana. Nje ya dirisha, barabarani, Macho Manne moja ilipita imepakia mkungu juu ya mkungu. Halafu nyingine. Anjela hakuwahi kugundua yalivyo mengi.

"Kesho ni soko la Tengeru," alisema mzee.

"Najua, baba."

* * *

Jumamosi asubuhi, soko la Tengeru lilikuwa limefurika. Waliotoka milimani wameshusha ndizi na kabichi, waliotoka upande wa Kisongo wameshusha mbuzi. Kwenye uwanja wa magari, kila ukigeuka unakutana na taa nne za duara zinakutazama.

Anjela hakuwa na kipaza sauti. Alikwenda kusimama mbele ya pikapu moja ya Macho Manne iliyokuwa inataka kuondoka.

"Dada, toka njiani," alisema dereva. Alikuwa mwanamume mrefu, masikio yametobolewa, koti la suti juu ya shuka. Jina lake Loserian, mfugaji wa Kisongo.

"Gari hili ulilirudisha gereji kama redio ilivyosema?"

"Nililirudisha. Walinifungia vyuma vipya. Toka sasa."

"Naomba ufunguo wako. Usipoona ninachotaka kukuonyesha, nitakuomba radhi mbele ya soko zima."

Loserian alimwangalia kuanzia kichwani hadi viatuni. Labda alidhani ni kichaa, labda aliona macho yake. Alizima injini, akampa ufunguo.

Anjela alilala chini kwenye matope, na gauni lake zuri, akajisukuma chini ya pikapu. Akaikwangua tairodi kwa ufunguo. Rangi ilibanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Chini yake kutu. Akaendelea kukwangua, na chini ya kutu ukatokea ufa, mwembamba, umezunguka chuma karibu nusu.

"Njoo uone," alisema.

Loserian alilala ubavuni mwake. Aligusa ule ufa kwa kidole, akanusa kidole, akachukua ufunguo wake, akatoka chini ya gari polepole. Alitema mate mbali.

"Jana nilipakia watoto wangu humu," alisema. "Walikaa mbele."

Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu walisikia. Dereva wa pili akachukua ufunguo wake, akainama. Wa tatu akafuata. Muda si muda kelele za soko zilipungua upande ule, ikabaki sauti moja tu, funguo zikikwangua chuma, hapa na pale, uwanja mzima, na katikati ya sauti ile mtu mmoja baada ya mwingine akitoka chini ya gari lake na uso uliokunjamana, kama aliyeuma tunda akakuta funza.

"Wametufungia takataka zetu wenyewe," alisema mwanamke mwenye kabichi. "Na nikawapelekea kuku wa shukrani."

"Wewe umejuaje?" mwingine alimgeukia Anjela.

Hapa angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemfahamu.

"Meneja alikuwa mchumba wangu," alisema. "Uani kwake kuna waya umejaa vyuma vya zamani vilivyopakwa rangi, na polisi wanasema watapita Jumatatu. Vyuma vyenu vipya vilivushwa mpaka ndani ya marobota yangu. Sikujua, lakini niliyabeba mimi."

"Kwa hiyo na wewe umekula," alisema yule mwanamke.

"Nimekula. Sikujua nakula nini."

Mwanamke alimtazama kwa kinyaa cha wazi, akageuka, akaanza kushusha kabichi zake kwenye gari. Anjela hakumlaumu. Alikuwa anajitazama kwa jicho lile lile tangu jana.

"Mimi nasema twende Unga Limited sasa hivi," alisema Loserian. "Tukautoe huo waya kabla ya hiyo Jumatatu yao."

Sauti nyingi zilikubali. Wanaume wakaanza kuulizana nani ana lori, wa Macho Manne waache magari yao hapa hapa. Kwa mara ya kwanza Anjela aliona Derick anaweza kushindwa.

Na hapo ndipo alipomwona Hope.

Hope ni mdogo wake, anasoma uuguzi, na ndiye aliyebaki hospitali na mzee, bila kuelezwa habari za tairodi. Alikuwa anapita katikati ya watu akitabasamu, mkoba begani.

"Dada, nimekutafuta soko zima. Nina habari nzuri. Mguu wa baba ulianza kubadilika rangi, daktari kasema apelekwe hospitali kubwa Moshi leo leo. Mama Silantoi naye ameandikiwa huko huko. Gari la wagonjwa ni bovu, tukawa tumekwama, mara Derick akatokea."

"Derick?"

"Alisikia baba ameongea na askari, akaja kuomba radhi. Kapiga magoti kabisa, dada, mbele ya manesi. Halafu akatoa gari la gereji na dereva, bure. Baba amechomwa sindano ya usingizi, hajui lolote, wamewalaza wote wawili nyuma, vizuri kabisa. Mimi wameniteremsha hapo barabarani nije nikuambie, wao wameendelea."

Anjela alisikia uwanja wote unakwenda mbali.

"Gari gani, Hope?"

"Steshenweji nyekundu. Macho Manne. Dereva kasema limetoka kutengenezwa jana tu." Hope aliwatazama watu waliolala chini ya magari, akamtazama dada yake aliyejaa matope, na tabasamu likaanza kumtoka. "Dada, kuna nini?"

"Limetengenezwa nini?"

"Kasema usukani."

Kati ya Tengeru na Moshi barabara ni nzuri, na dereva mwenye haraka hukanyaga mafuta. Lakini ukishapita Boma Ng'ombe kuna mteremko wa Kikafu, ule unaoshuka kwa kona hadi darajani, ambako hata malori mazima hushuka yakiomba dua. Pale usukani ukimwachia mtu hakuna mtaro wa kumpokea, kuna korongo.

Anjela aliangaza uwanja mzima. Malori yalikuwa mbali, yamezibwa na magari na mizigo. Gari pekee lililokuwa limeelekea barabarani, njia nyeupe mbele yake, ni pikapu ya Loserian. Alifungua mlango wa abiria.

"Dada," alisema Loserian. "Ufa umeuona mwenyewe."

"Nimeuona."

"Tukienda polepole hatuwapati. Tukienda kasi..."

"Najua. Nipe ufunguo, nitaendesha mwenyewe, wewe baki na watoto wako."

Loserian alizunguka mbele ya taa zile nne, akaketi nyuma ya usukani, akauchezesha kulia na kushoto, akisikiliza. Chini kitu kilijibu kwa mlio mdogo mkavu.

"Hujui kuendesha gari hili," alisema, akawasha injini. "Shika mahali."

Hope alikuwa ameshika mlango, anaita jina la dada yake. Pikapu iliruka kutoka uwanjani, ikakunja kuelekea Moshi, na usukani ulipogeuka, gurudumu la kushoto lilichelewa kidogo kufuata.